Fidia ya utumwa Marekani: nani adai, nani alipe, na sisi wabeba boksi tumo?

Mleta mada

Wadau, habari zenu. Nipo Ohio, mwaka wa kumi na moja huu. Juzi tulikuwa kwenye msiba wa mwenzetu, na mnaijua misiba ya ughaibuni: dua ikishasomwa na pilau ikishapakuliwa, siasa inaanza. Kijana mmoja akasema siku Marekani ikilipa fidia ya utumwa, na sisi weusi wa kuja tutapata chetu. Mzee mmoja akamuuliza, "Babu yako alichuma pamba jimbo gani?" Tukacheka, lakini ubishi ukaendelea hadi saa saba usiku na hatukufika popote, ndiyo maana nauleta hapa.

Msimamo wangu nauweka wazi ili anayetaka kunirarua ajue pa kuanzia. Naona tunachanganya mambo mawili. Fidia ya utumwa ni deni, na deni lina mrithi wake: mzao wa mtu aliyefanyishwa kazi bila ujira katika nchi hii. Ubaguzi wa ajira ni kesi nyingine, hauulizi ukoo. Anayesoma maombi ya kazi hajui kama babu yangu alitoka Georgia au Tanga. Anaona jina tu.

Hilo la jina nina kisa nalo. Mwaka wangu wa pili hapa niliomba kazi ya ukarani kwenye kampuni moja ya usafirishaji, nikaandika jina langu kamili, la baba na la babu. Kimya. Miezi miwili baadaye tangazo lilelile likarudi. Nikaomba tena, safari hii jina la kwanza nikalikata likasomeka kama la Mzungu. Siku ya tatu nikapigiwa simu. Sidai kwamba huo ni ushahidi, pengine mara ya pili walikuwa na shida zaidi ya watu. Ila wapo waliolipima jambo hili kitaalamu. Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma karibu maombi 5,000 ya kubuni kwa waajiri wa Boston na Chicago, sifa zikilingana na majina yakitofautiana, wakachapisha matokeo mwaka 2004. Wenye majina ya kizungu walijibiwa mara moja katika kila maombi 10 hivi, wenye majina ya Wamarekani Weusi mara moja katika 15. Kwenye kundi hilo la pili yalikuwemo majina Rasheed, Hakim, Aisha na Kenya. Ndiyo, Kenya, jina la msichana. Yasomeni kwa sauti halafu mniambie kwenu hakuna Rashidi wala Asha.

Kwa hiyo kwenye fidia sisi wa kuja tukae pembeni, na kwenye ubaguzi wa ajira tumo mpaka shingoni. Karibuni.

Mhasibu wa Dodoma

Mkuu, umeandika vizuri ila swali gumu umeliruka. Analipa nani? Utumwa Marekani ulifutwa kwenye katiba mwaka 1865. Aliyemiliki amekufa, aliyemilikiwa amekufa. Mjukuu wa Mpolandi aliyeshuka melini mwaka 1910 akaenda kuchimba makaa ya mawe Pennsylvania, huyo alipe kwa kosa gani? Deni ambalo mdai marehemu na mdaiwa marehemu, sisi kwenye vitabu tunalifuta.

Na msiniletee mfano wa Wamarekani wenye asili ya Japani, naujua. Sheria ya 1988 iliwapa dola 20,000 kila mmoja kwa kuwekwa kambini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Waliolipwa walikuwa hai, na ndio haohao waliofungwa. Hapo sina ubishi. Hii ya kulipa kitukuu kwa jasho la babu wa babu ndiyo inayonishinda.

Mleta mada

Mdaiwa hajafa, Mhasibu. Mdaiwa ni serikali, na ni ileile. Serikali hiyo ilikuwa inalipa pensheni ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, vile vya 1861 hadi 1865, mpaka mwaka 2020 alipofariki mtoto wa mwisho wa askari aliyekuwa akiipokea. Mjukuu wa Mpolandi wako alikatwa kodi kwa ajili ya vita ambavyo babu yake hakuvipigana, wala sijasikia aliyeandamana.

Halafu usiseme haijawahi kufanyika. Fidia ya utumwa ilishalipwa, tena kwa hesabu za uhakika, ila aliyelipwa ni bwana. Aprili 1862 bunge la Marekani lilipofuta utumwa katika mji mkuu, Washington, wenye watumwa walikuwa wakifidiwa hadi dola 300 kwa kila kichwa. Uingereza kwa sheria ya 1833 ya kufuta utumwa ilitenga pauni milioni 20 kwa wamiliki, na mkopo uliochukuliwa kwa kazi hiyo haukuisha kulipwa mpaka 2015. Maana yake Mjamaika aliyehamia London baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mzao wa watumwa walewale, alikatwa kodi kumlipia bwana wa babu yake! Haiti ndiyo mbaya kuliko zote: mwaka 1825 Ufaransa iliwatoza waliojikomboa wenyewe faranga milioni 150 za kuwafidia mabwana wa zamani, baadaye zikapunguzwa hadi 90.

Na hata mtumwa mwenyewe kuna siku alikaribia kupata. Januari 1865 Jenerali Sherman wa jeshi la serikali ya Marekani alitoa amri ya kugawa ardhi ya pwani kuanzia South Carolina hadi Florida, familia moja hadi ekari 40. Watu kama 40,000 wakakaa, wakalima. Kabla mwaka haujaisha Rais Andrew Johnson akaamuru ardhi irudishwe kwa wenyewe wa zamani. Hapo utaniambia mdai hajulikani?

Mkulima wa Kilifi

Hamjambo nyote. Hiyo ya kumlipa bwana na kumwacha mtumwa, mbona mwaifuata mbali? Unguja mwaka 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alipotoa amri chini ya shinikizo la Waingereza, mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na fidia akapewa bwana. Masuria waliachwa nje ya amri mpaka 1909. Huku kwetu mwambao wa Kenya sheria ilikuja 1907, mtindo ni uleule.

Mwaka uliofuata, 1908, wakaleta sheria ya hati za ardhi. Njoo na dai lako uandikiwe. Sasa niambieni, mtu aliyeachiwa juzi alikuwa na dai gani la kupeleka? Na Mgiriama aliyekuwa akilima bila karatasi, naye je? Walioandikiwa wakaandikiwa, iliyobaki ikawa ya serikali ya kikoloni. Leo ukipita Kilifi na Malindi utakuta wazee waliozaliwa kwenye shamba, wazazi wao wamezikwa kwenye shamba hilohilo, na wao waitwa maskwota. Mimi nachuma korosho za mikorosho aliyopanda babu yangu. Hati sina.

Sikatai ya Marekani. Ila ekari 40 za Sherman nyote mwazijua kwa tarehe, na hii ya 1908 sijasikia hata mmoja akiitaja.

Mhasibu wa Dodoma

Na waliowakamata watu huko bara wakawateremsha pwani kwa misafara? Wazao wao walipe nini? Au fidia ni ya kumdai Mzungu peke yake?

Mkulima wa Kilifi

Nimesema ardhi, ndugu yangu. Ardhi ipo, haikufa, na aliyeandikiwa ajulikana. Rangi yake sikuitaja.

Mleta mada

Kaka wa Kilifi, umenishika pabaya. Mimi ni mtu wa Tanga na hiyo ya 1908 ndiyo kwanza naisikia. Fungua mada yake, nitakuja.

Dada wa Minnesota

Samahanini nimechelewa, nilikuwa zamu. Mimi kazi yangu ni kuajiri. Miaka tisa nasoma maombi ya watu, kwa hiyo naomba nizungumzie kile ninachokijua, hiyo ya akina Sherman nawaachia ninyi.

Kaka mleta mada, watu wanadhani ubaguzi ni mtu mmoja mwenye roho mbaya anayechana karatasi. Kwa niliyoyaona, mara nyingi ni uvivu na haraka. Nafasi moja, maombi mia tatu, meneja ana saa moja. Anawachagua anaohisi "watazoeana na timu". Au haitangazi kabisa, anawauliza wafanyakazi wake kama kuna mtu wanayemjua, na kama timu nzima wanakaa mtaa mmoja na kusali kanisa moja, mnajua atakayekuja. Hakuna aliyetamka neno baya hata moja.

Utafiti wa karibuni nao unaonyesha kitu ambacho ule wa 2004 haukukionyesha. Wachumi Kline, Rose na Walters walituma maombi yapatayo 83,000 kwa kampuni 108 kubwa za Marekani. Pengo kati ya majina lilikuwepo, ila dogo kuliko la zamani, na halikugawanyika sawa: karibu nusu yake ilitoka kwa moja ya tano ya kampuni hizo. Kampuni ambazo uajiri wake unasimamiwa na ofisi moja yenye utaratibu zilielekea kubagua kidogo kuliko zile ambazo kila meneja anajichukulia. Hiyo inanipa moyo, maana utaratibu unaweza kubadilishwa. Moyo wa mtu siuwezi.

Lakini msije mkafikiri ni jambo dogo. Mwanasosholojia Devah Pager aliwatuma vijana kuomba kazi za kawaida Milwaukee, akachapisha mwaka 2003. Kijana mzungu aliyesema amewahi kufungwa kwa dawa za kulevya aliitwa mara 17 katika 100. Kijana mweusi asiye na kosa lolote, mara 14. Nina mtoto wa kiume wa miaka kumi na sita. Niliposoma hiyo mara ya kwanza nilifunga kompyuta nikaenda kuosha vyombo.

Mhasibu wa Dodoma

Pole, dada. Hoja yangu ni ya kitabu, haihusu mtoto wako. Wapo wanaosema majina kama yale hayapimi rangi peke yake, yanapima na hali: mwajiri akiona jina fulani anakisia mtaa wa kimaskini na shule mbovu. Je, huo ni urangi au ni utabaka?

Dada wa Minnesota

Anayeachwa bila kazi ni yuleyule, Mhasibu. Na vijana wa Milwaukee hawakupimwa kwa majina kwenye karatasi, walikwenda kwa miguu yao.

Mhasibu wa Dodoma

Hilo la miguu nimelipokea. Sasa nirudi kwa mleta mada. Unasema fidia kwa ukoo, ajira kwa wote. California waliunda jopo la kuchunguza fidia, na Machi 2022 wakapiga kura kuamua nani anastahili. Waliotaka ukoo walishinda kwa kura 5 dhidi ya 4. Wanne kati ya tisa waliona kama yule kijana wa msibani kwenu. Wote hao walikosea?

Mleta mada

Hawakuwa wajinga, na kwa ubaguzi wa polisi wako sahihi, polisi naye haulizi ukoo. Lakini mimi nilikuja kwa ndege, na grini kadi mfukoni. Nikinyimwa kazi kwa ajili ya jina langu, sheria ya haki za kiraia ya 1964 inanilinda bila kuniuliza ukoo. Nyumba ninayopanga iko mtaa ambao benki zilikataa kuwakopesha weusi wa hapa enzi za babu zao, mimi wakati huo sikuwepo hata kwa ndoto.

Dada wa Minnesota

Inakulinda kwenye karatasi. Amri ya Rais Lyndon Johnson ya mwaka 1965, iliyowabana wakandarasi wa serikali kuhusu usawa wa ajira, ilifutwa Januari 2025. Mwajiri anayeusoma upepo ameshausoma.

Na hilo la benki limeniletea swali, kaka. Evanston, karibu na Chicago, wanalipa. Baraza la mji lilipitisha mwaka 2021: dola 25,000 za nyumba kwa mkazi mweusi aliyeishi pale kati ya 1919 na 1969, au mzao wake, kwa sababu mji wenyewe ndio uliowabana kwenye makazi. Fedha zilianza kutoka kwenye kodi ya bangi. Hapo hawakuuliza utumwa wala pamba. Hao unawaweka kwenye fungu lako lipi, deni au ubaguzi?

Mleta mada

Umenibana. Sina fungu lao. Nilikuwa nimekata mambo mawili na wao wamekaa katikati.

Mhasibu wa Dodoma

Mimi hao nawaunga mkono, na nashangaa kujisikia nikisema hivyo. Mji unajulikana, miaka inajulikana, baadhi ya waliobanwa bado wako hai na anwani zao za zamani zipo. Ingawa hata wao wameshtakiwa mahakamani tangu 2024 kwamba wanagawa fedha kwa rangi. Ila ya 1865 bado nakataa. Leteni orodha ya watumwa, jina kwa jina, tufuate ukoo mpaka leo.

Mleta mada

Orodha hiyo huwezi kuipata, na sababu yake ni serikali yenyewe. Sensa ya 1850 na ya 1860 zilikuwa na daftari la watumwa la peke yake. Juu linaandikwa jina la bwana, chini umri, jinsia na rangi. Mwanamke, 32, mweusi. Mtoto, 4, chotara. Majina yao hayakuandikwa isipokuwa kwa nadra sana. Walio wengi waliandikwa kwa majina mara ya kwanza kwenye sensa ya 1870, wakiwa watu wazima wenye watoto.

Mhasibu wa Dodoma

Hilo sikulijua. Basi mzigo wa kuthibitisha ukoo abebe nani?

Mkulima wa Kilifi

Huku kwetu huambiwa abebe asiye na karatasi.