Naomba ushauri: utafiti wa mapenzi na ndoa za manusura wa mauaji ya kimbari Rwanda

Binti_Historia
Wakuu, habari zenu. Nasoma shahada ya uzamili, na tasnifu yangu ni ya wanawake wa Kitutsi walionusurika 1994. Nimeanza na hukumu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba huko Rwanda, iliyotolewa Arusha Septemba 1998, ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kutamka kuwa ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Lakini humo mwanamke amebakwa, basi. Alimpenda nani kabla, aliolewaje baadaye, kama alitamani tena kuguswa, hakuna. Mapenzi yao nayo ni historia. Nianzie wapi bila kuwaumiza?

Mzee wa Makabrasha
Karibu dada. Hata ubakaji haukuwemo kwenye mashtaka ya mwanzo ya Akayesu. Uliongezwa Juni 1997, baada ya mashahidi wanawake kuusema wenyewe mahakamani. Kwa hiyo soma maswali kabla ya majibu: nani kauliza, nani kakatishwa. Rekodi zipo kwenye hifadhi ya nyaraka ya Umoja wa Mataifa, Lakilaki, Arusha. Mashahidi wamepewa herufi, kama Shahidi JJ. Ukihisi umemtambua mtu, usiandike chochote cha kumfichua.

Shangazi_K
Mwanangu, usibishe hodi kwa "nieleze ulivyobakwa". Nilipokaa na wajane niliuliza habari za harusi: nani alipokea mahari, na baba na kaka wote wameuawa? Hapo walifunguka, hata kucheka. Wanafunzi manusura wa AERG, chama kilichoanzia Butare 1996, walijiundia familia zenye "baba" na "mama" wa rika lao. Hiyo ni njia nzuri ya kufikia uchumba na ndoa. Wajane watafute kupitia AVEGA Agahozo, chama cha wajane wa mauaji hayo, ukishapata kibali cha kamati ya maadili.

Mtafiti Mkimya
Naunga mkono, ila nina hofu. Wapo ambao waume zao wa sasa hawajui. Sheria ya 2008 ilipopeleka kesi za ubakaji gacaca, yaani mabaraza ya kijamii yaliyohukumu kesi za mauaji ya kimbari, iliagiza zisikilizwe faragha, na bado majirani walijua nani kaingia. Usimfuate mtu nyumbani. Akikubali leo, muulize tena baada ya wiki, na akikataa futa sauti yake mbele yake. Halafu wanaume nao walidhalilishwa, usiwaache.

Binti_Historia
Asanteni mno. Shangazi, nitaanza na harusi. Kinyarwanda changu ni kidogo: mkalimani awe mwanamke wa pale pale kijijini, au wa kutoka mbali?

Shangazi_K
Wa mbali, mwanangu. Na wao wamkubali kwanza.