Mlituomba kura, mkatupigisha ngoma mlangoni, halafu tuzo yetu hamkuionyesha

Wakuu, nimejizuia siku tatu. Ningeandika usiku uleule ningetukana watu, na hili si jambo la matusi. Uzi ni mrefu, nivumilieni.

Niko Newala. Kikundi cha ngoma cha kijijini kwetu, kinachocheza sindimba, ngoma yetu Wamakonde, kiliteuliwa kuwania tuzo za muziki za taifa, kipengele cha ngoma za asili. Kiongozi wa kikundi ni mjomba wangu, mdogo wake mama wa mwisho. Walio Wamakonde humu wanajua mjomba ni nani. Ndiye aliyenisimamia jandoni, ndiye aliyesimama wakati naoa, na mpaka leo nikikosea ananiita kwake, si kwa baba. Anapiga ngoma tangu hajaota ndevu. Kituo kilichorusha tuzo sikitaji, na waandaaji siwataji. Wahusika wanajijua.

Naanza na kura, maana hapo ndipo panaponichoma zaidi.

Kwa wiki kadhaa tangazo lilikuwa linapita kila baada ya taarifa ya habari: kura yako ndiyo itakayoamua. Unaandika namba ya kipengele na namba ya mshiriki, unatuma, unakatwa hela. Ukitaka kutuma tena, unakatwa tena. Na wakati huo huku kwetu ndio msimu wa korosho unaanza. Mnada wa kwanza ulikuwa umepita lakini malipo ya chama cha msingi yalikuwa hayajaingia. Anayeishi kusini anajua kipindi hicho mfukoni kunakuwaje. Watu wanakopa unga dukani kwa ahadi ya korosho.

Watu hao ndio waliopiga kura. Kuna bibi jirani yetu, hajui kusoma. Kila jioni alikuja kibarazani kwangu na sarafu amezifunga kwenye pindo la kanga, anazifungua, ananipa, anasema, "Mpigie mjomba wako." Nanunua vocha, natuma mbele ya macho yake. Halafu anasubiri. Ujumbe wa kushukuru ukirudi, anataka nimsomee wote, neno kwa neno: ahsante, kura yako imepokelewa. Akishasikia hivyo anaondoka. Alifanya hivyo jioni tisa. Mimi ninazo hizo meseji kwenye simu mpaka sasa, sijafuta hata moja.

Usiku wa tuzo tulikusanyika kwenye kibanda umiza. Mwenye kibanda alikuwa na mechi ya Uingereza usiku huo, mechi ambayo ingemjazia ukumbi kwa kiingilio, akaiacha. Akasema leo tunatazama vya kwetu, na hakutoza mtu. Saa moja na nusu umeme ukakatika. (Gesi inachimbwa Mnazi Bay, inasafishwa Madimba, bomba linaipeleka Dar es Salaam kwa zaidi ya kilomita 500, na sisi tunachanga hela ya petroli. Uzi wa hilo nitaufungua siku nyingine.) Tukachanga, jenereta likawaka. Kinamama ambao hawajawahi kukanyaga kibanda umiza maisha yao walikuja na mikeka na watoto mgongoni. Yule bibi alikaa mbele kabisa, karibu na skrini.

Saa mbili zulia jekundu likaanza. Ndipo tulipowaona. Mwanamuziki mmoja alikuwa anahojiwa kuhusu gauni lake, na nyuma ya bega lake akaonekana mjomba, ngoma kiunoni, jasho linamtoka. Wakuu, kibanda kilipasuka. Watu walisimama, kinamama walipiga vigelegele mpaka sauti ya televisheni ikazama. Nafikiri ilikuwa sekunde kumi na tano. Kamera ikageuka. Mtangazaji hakusema hao nyuma ni akina nani, wametoka wapi, wanacheza nini. Hakusema kwamba hao nao ni wateule wa usiku huo kama yule aliyekuwa anahojiwa.

Basi tukasubiri. Saa tatu, saa nne. Msanii bora wa kiume, wa kike, chipukizi, video, mtayarishaji. Watoto wakalala kwenye mikeka. Kila wakienda kwenye matangazo mtu anasema sasa wakirudi ni sisi. Mimi nilianza kuhesabu kwa hasira: tangazo moja la mdhamini lilirudi mara kumi na moja. Vichekesho vya washereheshaji viwili, kimoja kikaenda karibu robo saa. Hotuba ya mdhamini. Shoo ya kufungua, shoo ya katikati, shoo ya kufunga.

Saa sita na robo washereheshaji wakaaga. Majina ya waliotengeneza kipindi yalipoanza kupanda, chini ya skrini ukapita mstari wa maandishi madogo: washindi wengine. Nilikimbilia mbele ili niwahi kusoma. Kipengele chetu kilikuwa cha nne au cha tano kwenye huo mstari. Kikundi chetu kimeshinda. Jina la kijiji limekosewa herufi mbili.

Nikageuka nikawaambia watu tumeshinda. Hakuna aliyeshangilia. Wakauliza, "Sasa mbona hawajawaita?" Yule bibi akaniuliza kama ile meseji ya ahsante ilikuwa ya kweli.

Nilishindwa kumjibu. Nimeandika uzi huu kwa sababu nilishindwa kumjibu.

Yaliyotokea Dar tulikuja kuyasikia waliporudi. Walisafiri kwa basi watu kumi na wanne, na kondakta akazitoza ngoma kama mzigo, kila moja kwa bei yake. Walipofika ukumbini, tuzo yao walipewa saa tisa alasiri kwenye chumba cha pembeni. Hakukuwa na watazamaji. Mpiga picha mmoja, picha moja, tuzo ikarudishwa kwenye boksi wakakabidhiwa. Mjomba alikuwa ameandaa maneno ya kusema. Alitaka kumtaja mwalimu wake aliyemfundisha kupiga, ambaye amefariki. Hakuna aliyemwambia aseme kitu.

Kisha wakaambiwa wavae, wapange mstari mlangoni, wapokee wageni. Kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili na nusu usiku walipiga na kucheza pale nje. Nataka wasiojua ngoma wanielewe hapa. Ngoma ya ngozi haipigwi ikiwa baridi. Ngozi inanyonya unyevu, inalegea, na jioni ya Dar ina upepo wa bahari. Huku kwetu moto wa majani au mabua unawashwa kabla, ngoma inazungushwa karibu na moto mpaka ngozi ikaze, na usiku mzima mtu anairudisha kila inaposhuka. Vile vinganga vidogo vinavyolia juu ndivyo vinavyoteseka zaidi, na hivyo ndivyo vinavyomwambia mchezaji ageuze kiuno wakati gani. Mjomba aliomba sehemu yoyote, hata nyuma ya maegesho, awashe moto mdogo. Akakataliwa. Hilo la usalama naweza kulielewa. Lakini kama unamwalika mpiga ngoma, unauliza mapema ngoma yake inahitaji nini, kama ulivyomuuliza mwenye gitaa anataka spika gani. Kwa hiyo hata zile sekunde kumi na tano zilizoonekana, ngoma zilikuwa zinalia kama ndoo. Mjomba anaona aibu ya sauti ile kuliko ya tuzo.

Wageni walipokwisha kuingia, kikundi kikapewa vitambulisho vinne vya kuingilia. Watu kumi na wanne. Wote kumi na wanne wakakaa nje, wakagoma kugawanyika. Washindi wa tuzo ya taifa walikaa juu ya ngoma zao kwenye maegesho ya magari mpaka saa sita usiku, wakisikiliza sherehe kupitia ukuta.

Na hii sindimba ninayoizungumzia si kitu kilichookotwa juzi. Kikundi cha Taifa cha ngoma kiliicheza miaka ya 1960, nchi ikiwa bado changa inatafuta sura yake. Imefundishwa shule ambazo hakuna Mmakonde hata mmoja. Kuna vizazi vya Wachaga na Wasukuma vilivyojifunza kuzungusha kiuno shuleni kwa mapigo ya Newala. Uwanja wa Nangwanda Sijaona pale Mtwara mjini tumeona tamasha la MaKuYa, Wamakonde, Wamakua na Wayao, na watazamaji wamejaa kwa ajili ya ngoma tu, bila msanii wa redioni. Nani kawaambia hakuna mtu wa kutazama?

Tena kipengele chenyewe ni kimoja kwa nchi nzima. Sindimba yetu, muheme wa Wagogo, bugobogobo ya Wasukuma, zote kapu moja. Hukwe Zawose wa Dodoma alirekodi Uingereza kwenye kampuni ya Peter Gabriel, dunia ikamsikiliza amekaa na zeze lake. Nyumbani, warithi wake na sisi tunapewa kapu moja, na kapu lenyewe linafichwa.

NYONGEZA: nimesoma majibu yenu yote, nijibu mawili.

Kuna mdau anasema kusini tuna Harmonize, tumewakilishwa, tunalia nini. Mkuu, Harmonize ni wa Chitoholi, Tandahimba, jirani zetu kabisa, na akiitwa Konde Boy tunafurahi kwa sababu kabeba jina la kabila mbele ya dunia. Akishinda tunashangilia. Lakini ushindi wake si wa mjomba. Mtu wa Bongo Fleva akionyeshwa haina maana mpiga ngoma ameonyeshwa.

Mwingine, na huyu kaandika kwa heshima, anasema hata Grammy za Marekani tuzo nyingi hazionyeshwi kwenye kipindi cha usiku. Ni kweli. Mwaka 2024 Grammy zilikuwa na vipengele 94, na karibu vyote vilitolewa mchana kabla ya matangazo makuu. Hata kile kipengele kipya cha muziki wa Afrika, alichochukua Tyla wa Afrika Kusini akiwaacha Burna Boy na Davido, kilitolewa mchana. Watu wengi Afrika walilalamika, na mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini malizia hadithi, mkuu. Ile shughuli ya mchana ina ukumbi, ina mshereheshaji, ina watu wamekaa, inarushwa moja kwa moja kwenye intaneti bure. Tyla aliitwa jina, akapanda, akashika tuzo, akazungumza, na mama yake popote alipo aliweza kuona. Mjomba wangu alipewa boksi.

Na kwa kuwa umeitaja Grammy: mwaka 2011 walipunguza vipengele kutoka 109 hadi 78. Jazi ya Kilatini ikafutwa. Muziki wa Hawaii, wa Wahindi Wekundu na wa Cajun wa Louisiana ukatupwa kwenye kipengele kimoja cha muziki wa asili wa kimaeneo, kapu kama letu. Wanamuziki wa jazi ya Kilatini hawakunyamaza. Mmoja wa waliowaongoza, Bobby Sanabria wa New York, ni mpiga ngoma. Walipiga kelele hadharani, wakafungua kesi mahakamani, na ingawa mahakamani hawakushinda, mwaka uliofuata kipengele chao kilirudishwa. Kwa hiyo wanaoniambia "utafanyaje, ndio nchi yetu" sikubaliani nao.

Ninachotaka nakisema wazi. Shughuli ile ya chumba cha pembeni, kama ilirekodiwa, irushwe yote, kwenye kituo kilekile, na ratiba itangazwe kama mlivyotangaza namba za kura. Jina la kijiji lisahihishwe. Kipengele mlichokiombea kura kwa hela za watu kionyeshwe moja kwa moja, na kama hamna nafasi ya kukionyesha, msikiombee kura. Kikundi kilipwe kwa saa tatu na nusu za kupokea wageni, maana ile ilikuwa kazi, na wasanii wa jukwaani hawakuifanya bure. Mwaka kesho ukiwaita wapiga ngoma, weka sehemu ya moto.

Mengine tutayabishana humu. Nina ombi moja kwa wadau wa Dar. Kama kuna mtu alikuwa pale mlangoni jioni ile, au alipita kile chumba cha pembeni saa tisa, na alirekodi kwa simu hata dakika moja, tafadhali anitumie inboksi. Sijali ubora wa picha. Bibi jirani kaniuliza tena jana jioni kama nimeipata hiyo video, na nimemwambia bado naitafuta.