Bei ya kwenye shelfu na ya kaunta

Mama wa Mwanga: Jamani wa Kigoma, hivi ni mimi tu? Jana supamaketi moja hapa mjini, shelfu imeandikwa mafuta lita 3 sh 18,500, risiti ikatoka 20,500. Nimeshapanda bodaboda ndiyo naona. Nikarudi. Dada wa kaunta alinuna huyo, lakini elfu mbili yangu nikapewa. Nyie mnafanyaje?

Mzee wa Ujiji: Hongera mama. Mimi huipiga picha bei ya kwenye shelfu. Hapo hawabishi.

Binti Kibirizi: Mie sabuni moja ilipigwa mara mbili! Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, uisome hapohapo kaunta.

Mama wa Mwanga: Foleni ikiguna nyuma yangu je? Haya, nitajikaza. Elfu mbili yenyewe nimenunulia dagaa.