NEC 765 au WD1772: ipi isome disketi za zamani?

Mtunza_Disketi
Ndugu wanajukwaa, ninazo disketi za inchi 5.25 kutoka BBC Micro na TRS-80 Model I (kompyuta za zamani za nyumbani), nami nataka kunakili yaliyomo kabla hayajapotea. Nina PC ya zamani yenye kidhibiti cha disketi (chipu inayosoma na kuandika disketi) cha ukoo wa NEC 765, na bodi nyingine yenye WD1772. Nianze na ipi?

Solda_na_Bati
Mkuu, BBC Micro za mwanzo zilitumia kidhibiti cha Intel 8271, ambacho huandika kwa FM (njia ya zamani ya kurekodi data kwenye disketi) pekee. 765 yenyewe inaifahamu FM, ila hutegemea saketi ya nje kutenganisha data, na kwenye PC nyingi saketi hiyo iliundwa kwa ajili ya MFM (njia ya baadaye, inayobana data zaidi) tu. WD1772 ina kitenganishi chake ndani na husoma zote mbili. Kwa hiyo usitegemee jina la chipu. Ijaribu bodi yenyewe.

Sekta_ya_Kwanza
Naongeza jambo lililonitesa wiki nzima. Kila tundu la indeksi (linaloonyesha mwanzo wa treki, yaani mzunguko mmoja wa data) linapopita, 765 hupofuka kwa muda mfupi, kwa kuwa inatarajia pengo refu ambalo mpangilio wa IBM huliacha mwanzoni mwa treki. Chipu za Western Digital, kama WD1772, hazilihitaji pengo hilo, hivyo disketi zilizofomatiwa nazo zaweza kuwa na sekta (kipande cha treki) iliyokaribia mno indeksi. Mimi nilipata sekta tisa kati ya kumi katika kila treki, na iliyokosekana ilikuwa ileile, hadi nilipobandika utepe mweusi juu ya tundu. Angalia tu kwamba viendeshi vingine hungoja indeksi ndipo viseme viko tayari, na programu yako iwe na kikomo chake cha muda, kwani 765 huhesabu mapigo ya indeksi ili ijue lini iache kutafuta, na ukiziba tundu hayaji.

Mzee_wa_Treki
Kwa TRS-80, hata WD1772 ina upungufu. FD1771, chipu ya awali ya Western Digital, iliweza kuandika alama nne za data (baiti inayotangulia data ya kila sekta), F8 hadi FB. Chipu zilizofuata huandika F8 na FB tu. TRSDOS 2.3, mfumo endeshi wa TRS-80, iliitia saraka (orodha ya mafaili) alama ya FA, ambayo vidhibiti vya PC havisomi kabisa. Ningechagua WD1772, kisha ningeandika pembeni ni sekta zipi zilikuwa na FA, ili nakala isipoteze habari hiyo.

Mtunza_Disketi
Ahsanteni sana, wakuu. Nitatumia WD1772 kwa zote, nikianzia treki ya 17 ya TRS-80, iliko saraka.