Mahale "kwenda na kurudi siku moja" kwa boti ya mbao: huu ni wizi wa mchana kweupe

Wakuu, salaam. Nina hasira, mtanivumilia.

Hapa Kigoma mjini kuna jamaa anajiita wakala wa utalii wa ndani. Jina silitaji, ila wa mwaloni mnamjua. Katangaza kwenye magrupu ya WhatsApp: hifadhi ya Mahale, kwenda na kurudi siku moja, sokwe pamoja na kilele cha Nkungwe, viingilio vyote humo humo. Watu tukajaa boti. Hela kapokea yeye, taslimu na kwenye simu yake.

Sasa nisaidieni hesabu. Mahale iko zaidi ya kilomita 120 kusini mwa mji, kwa maji. Ndani ya hifadhi hakuna barabara hata moja, ukishuka kwenye boti ni miguu yako. Nkungwe ina mita 2,462 kutoka usawa wa bahari na ziwa lenyewe liko kwenye 770 hivi, kwa hiyo ni karibu mita 1,700 za kupanda porini. Anayekwenda kule anajipanga kulala mlimani. Sisi tukapewa boti ya injini moja, kiangazi hiki, kusi linatupiga usoni!

Hatukufika. Jua lilituzamia njiani, na nahodha (mzee wa watu, simlaumu) akatuambia wese alilopewa halitoshi hata kwenda, sembuse kurudi. Tukageuza usiku, watoto wanatapika.

Kumbe hata viingilio havikulipwa. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hulipwi mkononi, ni kwa kontrol namba (namba ya malipo ya serikali). Tulipomwomba wakala hiyo namba akaanza kukohoa.

Na kukohoa kwenyewe, kwenye boti alipakia abiria mwenye mafua ya kutisha. Huyo asingeruhusiwa kusogelea sokwe hata tungefika. Mwaka 2006 kundi la M, lile wanalopelekwa wageni, lilipoteza sokwe kwa ugonjwa wa mfano wa mafua. Ndiyo maana unavalishwa barakoa na kupewa saa moja tu. Wakala hajui hilo, au anajua na hajali.

Kilichonimaliza ni jibu lake: "Basi nitawapeleka Gombe, kwani sokwe si wale wale?" Wale wale! Gombe ni hifadhi nyingine ya sokwe, naipenda, iko hapo kaskazini, kilomita kama 16, lakini kilomita zake za mraba hazifiki hata 100. Mahale ina 1,613. Wazee wa Kitongwe walikulia kwenye milima ile kabla haijawa hifadhi mwaka 1985, Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto wanafuatilia sokwe wake tangu 1965, halafu sisi wa hapa hapa mkoani tunaambiwa turidhike na chochote.

Sitaki Gombe, nataka hela yangu. Anayejua pa kumshitaki zaidi ya polisi aseme. Na wewe uliyekuwa kwenye boti ile, kama lile tangazo bado unalo kwenye simu lilete hapa, maana la kwake ameshalifuta.