Naomba ushauri: Blantyre niiandike chini ya wilaya ipi?

Ndugu wanajumuiya, ninaandaa maelezo kuhusu Blantyre, mji wa Scotland alikozaliwa David Livingstone mwaka 1813 katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha pamba kando ya mto Clyde, nami nimekwama kwenye mipaka ya utawala. Zamani hizo mahali hapo palikuwa kaunti ya Lanark. Mwaka 1975 kaunti zilifutwa, Blantyre ikaingia wilaya ya Hamilton, mojawapo ya wilaya 19 za mkoa wa Strathclyde. Kisha mwaka 1996 mkoa na wilaya vikavunjwa, na Hamilton, East Kilbride, Clydesdale na sehemu ya Glasgow zikawa halmashauri ya South Lanarkshire.

Daftarini nimeandika “wilaya ya Hamilton”, nikaifuta, nikairudisha. Kuiruka miaka hiyo 21 naona ni kuwadhulumu waliokulia humo. Hata hivyo, msomaji wa Tanzania akiona “wilaya” atamfikiria mkuu wa wilaya aliyeteuliwa na Rais, ilhali Hamilton iliongozwa na madiwani waliochaguliwa, walioshughulikia nyumba za kupanga na uzoaji taka, huku shule na barabara zikiwa chini ya mkoa.

Je, nibaki na neno “wilaya” na kulifafanua, au niandike “halmashauri ya wilaya” tangu mwanzo?