Timu iliyotwaa Giro, Tour na Vuelta mwaka 2023 ilikosaje kuongoza msimamo wa timu?

Mlima_na_Jasho ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba mnisaidie kuelewa jambo ambalo limenitatiza tangu nilipoanza kufuatilia mbio za baiskeli za barabarani. Mwaka 2023 timu ya Jumbo-Visma ya Uholanzi ilifanya jambo ambalo hakuna timu iliyokuwa imewahi kulifanya, yaani kutwaa mashindano yote matatu ya wiki tatu ndani ya msimu mmoja. Primož Roglič alishinda Giro ya Italia mwezi Mei, Jonas Vingegaard akashinda Tour ya Ufaransa mwezi Julai, na Sepp Kuss akashinda Vuelta ya Hispania mwezi Septemba. Tena pale Hispania nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu zote zilikwenda kwa timu hiyohiyo.

Hata hivyo, msimu ulipofungwa, msimamo wa timu unaotolewa na UCI, shirikisho linalosimamia mchezo huu duniani, uliongozwa na UAE Team Emirates, na Jumbo-Visma ikashika nafasi ya pili. Mimi nimetokea kwenye soka, ambako anayeshinda mechi nyingi ndiye anayekaa juu ya jedwali. Je, hili ni kosa la mfumo wa pointi, au kuna sehemu ya msimu wa timu ambayo mimi sijajifunza kuitazama?

Gurudumu_la_Nyuma amejibu:

Swali lako ni zuri, na jibu lake limo ndani ya hesabu yenyewe. Anza na Tour ya mwaka huo. Vingegaard alishinda kwa tofauti ya dakika 7 na sekunde 29, tofauti ambayo mtazamaji yeyote angeiita maangamizi, na kwa ushindi wa jumla timu yake ilipata pointi 1,300. Lakini aliyeshika nafasi ya pili alikuwa Tadej Pogačar na wa tatu alikuwa Adam Yates, wote wa UAE. Nafasi ya pili ilikuwa na pointi 1,040 na ya tatu pointi 880, kwa hiyo UAE iliondoka na pointi 1,920 kutoka kwenye msimamo wa jumla wa mashindano ambayo ilishindwa. Hapo sijagusa pointi za hatua mojamoja, yaani mbio za kila siku ndani ya mashindano hayo.

Kisha rudi nyuma mpaka majira ya kuchipua. Kabla ya kuvunjika mfupa wa kifundo cha mkono katika Liège-Bastogne-Liège mwezi Aprili, Pogačar alikuwa ameshinda Paris-Nice, Ronde van Vlaanderen, Amstel Gold Race na Flèche Wallonne, na mwezi Oktoba akarudi kushinda Il Lombardia. Ronde na Lombardia ni miongoni mwa mashindano makongwe matano ya siku moja, na kila moja humpa mshindi pointi 800. Ongeza Jay Vine aliyeshinda Tour Down Under mwezi Januari, Yates aliyeshinda Tour de Romandie, João Almeida aliyekuwa wa tatu katika Giro na Juan Ayuso aliyekuwa wa nne katika Vuelta. Kuanzia mwaka 2023 UCI huhesabu pointi za wanamichezo 20 bora wa kila timu, si 10 kama ilivyokuwa hapo awali, kwa hiyo timu inayovuna kidogokidogo kuanzia Januari hadi Oktoba inaweza kuipita timu iliyotawala wiki tisa kubwa.

Kwa maoni yangu mfumo haukukosea. Ulijibu swali tofauti na lile ulilouliza wewe: wewe uliuliza ni nani aliyefanya makubwa zaidi, nao ulikuwa unahesabu ni nani aliyekuwepo mbele mara nyingi zaidi.

Fundi_Mnyororo amejibu:

Naongeza jambo moja ambalo wageni wa mchezo huu hawaambiwi mapema. Pointi hizi ni uhai kwa timu za chini, kwa sababu leseni za daraja la juu, ambazo ni 18, hutolewa kwa kuangalia jumla ya miaka mitatu. Mwishoni mwa mwaka 2022 Lotto Soudal na Israel-Premier Tech zilipoteza nafasi zao kwa njia hiyo. Katika kipindi kile kushinda hatua ya Giro kulikuwa na pointi 100, ilhali kushinda shindano la siku moja la ngazi ya 1.1, ambalo watu wengi hawalijui hata kwa jina, kulikuwa na pointi 125. Ndiyo maana timu zenye hofu zilipeleka wanamichezo wao wazuri kwenye mashindano madogo. Hatua ya Giro aliyoshinda Biniam Girmay wa Eritrea mwaka 2022, ya kwanza kwa Mwafrika mweusi katika mashindano ya wiki tatu, ilikuwa na thamani ndogo kuliko ushindi kama huo. Viwango vilirekebishwa mwaka 2023, na nadhani ilikuwa haki kabisa.

Mama_Tandemu amejibu:

Wenzangu wameeleza pointi vizuri, lakini ndugu Mlima_na_Jasho aliuliza pia ni sehemu gani ya msimu ambayo hajajifunza kuitazama, na hapo ningependa kumtaja Sepp Kuss kwa kirefu, kwa sababu msimu wote wa Jumbo-Visma unaweza kusomwa kupitia miguu yake.

Kazi ya Kuss ilikuwa kuwasaidia wengine. Anayeendesha mbele hupasua upepo, na anayemfuata kwa karibu hutumia nguvu pungufu kuliko yeye. Kwa hiyo kiongozi wa timu hufichwa nyuma ya wenzake siku nzima, mmoja akichoka anajitoa na mwingine anashika zamu, mpaka abaki msaidizi wa mwisho kwenye mlima wa mwisho. Huyo wa mwisho mara nyingi alikuwa Kuss. Katika Giro alimfanyia Roglič kazi na bado akamaliza wa 14. Katika Tour alimfanyia Vingegaard kazi na bado akamaliza wa 12. Roglič alishinda Giro kwa sekunde 14 tu, baada ya kumpita Geraint Thomas katika mbio za kupanda mlima wa Monte Lussari, kila mmoja peke yake dhidi ya saa, siku ambayo mnyororo wa Roglič ulichomoka katikati ya mlima. Sekunde 14 katika hatua 21! Kila mara nikiitazama tofauti hiyo nawaza ni sekunde ngapi ziliokolewa na wasaidizi wake wiki mbili kabla, katika hatua ambazo hakuna anayezikumbuka.

Katika Vuelta mambo yakageuka. Kuss alitoroka na kundi kubwa katika hatua ya 6, akaishinda, na katika hatua ya 8 akavaa jezi nyekundu ya kiongozi. Katika hatua ya 13, juu ya mlima wa Tourmalet, Vingegaard, Kuss na Roglič walifika wakiwa watatu wa kwanza.

Mlima_na_Jasho ameuliza tena:

Nawashukuru sana, nimeelimika. Mama_Tandemu, je, ni kweli kwamba wenzake walimshambulia akiwa amevaa jezi hiyo?

Mama_Tandemu amejibu:

Ni kweli kwamba katika mlima wa Angliru, hatua ya 17, Roglič na Vingegaard walisonga mbele naye akabaki nyuma. Alimfuata Mikel Landa wa timu nyingine hadi juu, na jioni ile uongozi wake ulikuwa umebaki sekunde 8 mbele ya Vingegaard. Mimi niliumia kuitazama hatua ile, na hadi leo naamini uongozi wa timu ulipaswa kutoa agizo mapema, kwa sababu kwa wapinzani mashindano yalikuwa yamekwisha na kilichobaki kilikuwa deni la ndani ya nyumba. Kuanzia siku iliyofuata wote wawili walimfanyia kazi, na akashinda Vuelta kwa sekunde 17.

Gurudumu_la_Nyuma amejibu:

Hapo sikubaliani nawe kikamilifu, Mama_Tandemu, kwani Roglič na Vingegaard nao walikuwa na haki ya kushindana, na jezi iliyolindwa kwa agizo tangu wiki ya pili ingekuwa na doa. Lakini nakuunga mkono kuhusu deni. Siku moja kabla ya Angliru, mwenzao Nathan Van Hooydonck, aliyekuwa miongoni mwa wanane walioshinda Tour pamoja na Vingegaard, alipatwa na tatizo la moyo akiwa anaendesha gari nyumbani kwao Ubelgiji. Alipona, ila hakuweza tena kushindana. Timu iliingia katika mlima ule ikiwa na habari hiyo kifuani, na tunapowahukumu kwa hatua moja nadhani tuikumbuke.

Fundi_Mnyororo amejibu:

Ndugu Mlima_na_Jasho, msimu ujao ukitazama hatua ya mlimani, washa televisheni mapema, zikiwa zimebaki kilomita 60 au zaidi. Hesabu jezi za kila timu zilizo mbele ya kundi kuu, kisha hesabu tena kila mlima unapokwisha. Timu inayobaki na watatu wakati nyingine zimebaki na mmoja ndiyo inayoamua mwendo, na mara nyingi utaliona jambo hilo saa nzima kabla mtangazaji hajaanza kupaza sauti.